Kanuni ya Nne na Kondoo wa Lazaro

Ndugu zangu wa semina, leo kondoo amenivua nguo mchana kweupe. Na huyo kondoo alishaliwa miezi saba iliyopita.

Nawaandikia ninyi wanne kabla habari haijawafikia kwa njia nyingine. Hapa Karatu kila lori liendalo Arusha limeshaondoka nayo, na dereva mmoja ameniahidi kwa kicheko kwamba ataifikisha mpaka Moshi. Kwa hiyo nawapa yaliyotokea kwa mpangilio, saa kwa saa, kama tulivyofundishwa.

Mnalijua gazeti letu. Kurasa nne, tunakata stensili kwa taipureta ambayo herufi yake ya "a" inaruka juu kama panzi, tunadurufu nakala mia mbili, nyingine tunabandika ukutani kwenye duka la ushirika. Wanakisomo wanalisoma kwa sauti, maana wengi ndio wanajifunza. Mimi ni katibu na mwandishi wa upande huu wa Karatu na Endabash. Upande wa Ngorongoro, mpaka Sale huko, ni wa Lazaro.

Lazaro. Nisemeje kuhusu Lazaro?

Mimi nikiandika "Hali ya Mahindi Endabash Yaridhisha", baada ya wiki naukuta ukurasa ule umefungiwa ugoro. Lazaro akiandika juu ya kifaru aliyelala katikati ya barabara akawazuia wageni wa kreta wasifike kwenye chakula cha mchana, watu wanakata habari ile kwa wembe, wanaibandika ukutani juu ya kitanda. Nimeona kwa macho yangu. Ilibandikwa nyumbani kwa shemeji yangu! Mimi chai ya hotelini napewa ya rangi. Yeye anapewa ya maziwa, na hakuitisha. (Nimeichunguza hali hii kwa wiki sita. Si bahati mbaya.)

Lakini nilikuwa na kitu kimoja ambacho Lazaro hana: utaratibu. Kanuni nane za gazeti letu nilizitunga mimi. Hakuna afisa aliyetuagiza. Tulikaa wenyewe waandishi, tukasema tutajisimamia kabla hatujasimamiwa. Kanuni ya kwanza: habari iwe na mashahidi wawili. Ya pili: umwandikaye apewe nafasi ya kujibu kwanza. Ya nne, niipendayo kuliko zote: asipokee wala asitoe zawadi mwandishi, kwa mtu yeyote anayehusika na habari au na hukumu ya habari. Na ya saba: kosa lisahihishwe mahali pale pale lilipotoka, kwa ukubwa ule ule, na mkosaji alisome sahihisho kwa sauti mnadani, kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Tena mwaka jana tukaunda Baraza la Malalamiko, watu watatu wasioandika gazeti. Mwalimu Qamara, mstaafu, ndiye mwenyekiti. Mama Paulina, mkunga ambaye nusu ya Karatu imepita mikononi mwake, haogopi mtu. Wa tatu alihama, na miezi mitatu iliyopita nafasi yake ikachukuliwa na mzee mfugaji aliyehamia kwa binti yake huku juu karibu na msitu. Tunamwita Menye Nasieku, yaani baba yake Nasieku. Jina jingine sikuwahi kulisikia, na sikuuliza. (Mwandishi wa habari, sikuuliza. Endeleeni kusoma.)

Sasa, leo saa nane mchana Baraza lilikuwa likae kuchagua mwandishi mmoja wa kupendekezwa kwa kozi ya uandishi Dar es Salaam. Miezi sita! Chuo, maktaba, kamera ya kufundishia. Nafasi ni moja, wanaoitaka ni wawili, nami mmojawapo nimeshanunua sanduku. Mpaka jana hakuna lalamiko hata moja lililoandikishwa dhidi yangu. Hata dhidi ya Lazaro. Tulikuwa sawa kwa sawa, na mimi najua sawa kwa sawa yangu na Lazaro huwa inaishia wapi. Inaishia kwenye chai ya maziwa.

Asubuhi saa tatu niko hotelini, ukungu haujainuka, natazama nje. Namwona Menye Nasieku anakuja na rubega lake jekundu. Lazaro anatokea upande wa pili. Mzee anainua fimbo, anaita kwa furaha: "Paka!"

Nikafungua daftari. Hiyo ilikuwa mara ya tisa. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikimsikia yule mzee akimwita Lazaro paka, na sitawaficha, ilikuwa inanipa raha. Nimeandika kila mara: "Jumanne, saa nne. Mzee kamwita L. paka. L. kacheka." Nilijua iko siku mzee atasema wazi kwa nini. Pengine Lazaro anaiba maziwa.

Ila leo nilikuwa karibu zaidi, nikasikia jibu. Lazaro naye akamwambia mzee: "Paka! Umeamkaje?"

Nikashtuka. Kijana mwenye kipaimara anamwita mzee paka, na mzee anampa mkono?

Mezani kwangu alikaa Sironka, mnunuzi wa ngozi, Mmasai wa Endulen, rafiki yangu. Nikamwuliza, "Sironka, hawa wanatukanana?"

Sironka akaangalia nje. "Wapi matusi?"

"Wanaitana paka."

Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Wewe Safari, masikio yako ya Kimbulu haya! Si paka. Ni Paker. Pa-ker! Watu wawili wakipeana kondoo, wanaacha majina, wanaitana Paker. Wakipeana ng'ombe ni Pakiteng. Ni heshima hiyo."

"Wakipeana kondoo," nikasema polepole.

"Ndiyo."

"Yaani mmoja amempa mwenzake kondoo. Kondoo mzima."

"Nusu kondoo haina jina," akasema Sironka.

Ndugu zangu, mnajua jinsi moto wa majani makavu unavyoshika? Ndivyo nilivyoshika mimi. Mwandishi. Mjumbe wa Baraza. Kondoo. Kanuni ya nne! Miezi mitatu wamekuwa wakitangaza rushwa barabarani kwa sauti, asubuhi na jioni, nami nilidhani wanataja mnyama wa nyumbani!

Sikumaliza andazi. Nilikwenda ofisini, nikaingiza karatasi kwenye taipureta, nikapiga kichwa cha habari: LALAMIKO NAMBA MOJA. Lalamiko la kwanza katika historia ya Baraza, na ni langu. Kurasa nne. Niliweka vichwa vidogo: "Chanzo cha Shaka", "Ushahidi wa Neno", "Tarehe Tisa za Paker", na mwisho "Athari kwa Kozi". Nilivaa suti yangu ya Kaunda ile ya kijivu. Nilijipangusa vumbi viatuni kwa kipande cha habari ya mahindi.

Njiani nikakutana na Lazaro.

"Kaka Safari, umependeza. Unakwenda harusini?"

"Baraza," nikasema.

"Hata mimi. Twende pamoja basi."

"Tangulia."

(Hapo ndipo Kanuni ya pili ilipokuwa ikinisubiri. Mtu yuko mbele yangu, anacheka, hana haraka. Ningemwuliza swali moja tu. Nikaona nikimwuliza nitamshtua, atakwenda kumficha kondoo.)

Saa nane tukakaa kwenye ghala la ushirika, katikati ya magunia ya ngano. Vikao vya Baraza ni vya wazi, mimi ndiye niliyedai viwe vya wazi, kwa hiyo madirishani walijaa watu. Kesho ni mnada, wageni ni wengi. Sironka naye alikuwapo, kaegemea dirisha anakula muwa.

Mwalimu Qamara akafungua. "Ndugu wajumbe, leo tuna shughuli moja, ya kozi. Kuna jambo kabla hatujaanza?"

Nikasimama. "Ndugu Mwenyekiti, lipo. Nina lalamiko."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nadhani alifurahi. Mwaka mzima wanakaa bila kazi. "La kwanza! Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya ndugu Lazaro. Pamoja na mjumbe mmoja wa Baraza hili."

Dirishani ulisikika muwa wa Sironka tu.

Nikasoma kurasa zote nne. Nilisoma vizuri, kwa vituo. Nilipofika kwenye maneno "je, tutakuwa na Baraza huru ikiwa wajumbe wake wanahesabiwa kwa kondoo?" nilinyamaza kidogo ili yazame. Nilimtazama Lazaro. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama kwa huruma. Nikadhani ni hofu. (Huruma na hofu ukiwa na wivu zinafanana sana.)

Nilipoketi, Mama Paulina akaanza. "Ndugu Safari, umemwuliza Lazaro kabla ya kutuletea haya?"

"La. Ningemshtua."

"Kanuni ya pili ilitungwa na nani?"

"Na... na waandishi kwa pamoja."

"Nani aliyeishika kalamu?"

"Mimi, mama."

"Haya. Mashahidi wawili wako wapi?"

"Ninaye Sironka."

"Sironka alimwona huyo kondoo?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka dirishani, mdomo umejaa muwa. "Mimi nilieleza neno tu! Kondoo sijamwona! Msinitie humo!"

Watu wakaanza kucheka. Bado kidogo kidogo. Nikajipa moyo: kicheko si ushahidi.

Mwalimu Qamara akamgeukia Menye Nasieku. "Mzee wangu, umesikia. Una neno?"

Mzee akasimama kwa fimbo yake. Kiswahili chake kinatembea polepole, lakini kinafika.

"Kondoo nilikula," akasema.

Nikakaribia kuruka juu. Amekiri!

"Nilikula na wake zangu, na watoto. Alikuwa na mafuta sana. Lazaro alileta mwenyewe, kwa miguu, mpaka Sale. Siku hiyo mimi bado si mtu wa Baraza. Sio kondoo ya rushwa. Ilikuwa kondoo ya kufufua."

"Kumfufua nani?" akauliza Mwalimu.

"Mimi."

"Wewe?"

"Ndiyo. Mimi nilikufa. Wakati wa kuvuna mahindi. Nilikufa kwa gazeti."

Ghala zima likageuka kunitazama. Sijui kwa nini mimi. (Baadaye nikajua.)

Mzee akaingiza mkono ndani ya rubega, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hajui kusoma, lakini ameihifadhi kuliko mimi ninavyohifadhi cheti changu. Akampa Mwalimu. Mwalimu akaifungua, nami kutoka pale nilipokaa nikaiona ile "a" inayoruka juu kama panzi. Ukurasa wa kwanza. Mpaka mweusi pande zote nne. Niliuchora mimi, kwa rula.

Mwalimu akasoma: "'Tanzia. Mzee Koros wa Sale, mfadhili wa shule yetu, hatunaye tena. Mbuga zinalia. Ng'ombe wake wamekataa majani...'"

Mama Paulina akainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Mzee, ng'ombe walikataa majani?"

"Hapana," akasema mzee. "Walikula vizuri."

Basi hapo ndipo ghala lilipolipuka. Mtu mmoja aliteleza kutoka dirishani akaangukia nje. Mwalimu akagonga meza, akaendelea kusoma mpaka mwisho, kwa sauti ile ile ya darasani, mpaka pale pa kuua: "'Imeandikwa na Safari.'"

Ndugu zangu, ile tanzia niliiona siku zote kuwa kazi yangu bora. Ile sentensi ya ng'ombe niliifanyia kazi siku nzima.

Na habari niliipata hivi. Mzee Koros alikuwa ametoa madume mawili kwa ajili ya kuezeka shule, nami nilitaka kumwandika. Lori likasimama pale sokoni, injini inanguruma, limebeba magunia. Nikamwuliza dereva kwa sauti, "Yule mzee wa Sale aliyetoa madume ya shule, nitampata wapi?" Dereva akajibu, "Mzee amelala." Nikavua kofia. Nikasema, "Poleni sana." Akasema, "Asante," akaondoa gari.

Ndugu zangu, leo ndiyo nimeambiwa: mzee alikuwa amelala kweli. Juu ya magunia. Ndani ya lori lile lile. Alikuwa anakuja mnadani, akachoka na safari, akapitiwa na usingizi. Na dereva alidhani nampa pole ya barabara.

Shahidi mmoja. Kanuni ya kwanza. Mtunzi: mimi.

"Sasa waeleze watu kilichotokea," Mwalimu akamwambia mzee.

"Kwetu," akasema mzee, "mtu akifa, jina lake halitajwi tena. Gazeti likaja Sale. Mwalimu wa kisomo akasoma kwa darasa. Watu wakasikia. Basi, jina langu likaisha. Nikija kunywa maziwa, watu kimya. Wananipa, wananiangalia, lakini hakuna anayesema Koros. Mtoto wa jirani alikuwa Koros, wakambadilisha jina. Shemeji zangu wakatoka Loliondo, siku mbili kwa miguu, wamenyoa nywele. Wakanikuta nakunywa chai."

"Wakasema nini?" akauliza Mama Paulina, anajifuta macho kwa kanga.

"Wakasema wewe unakunywa chai ya nani? Nikaenda josho. Karani akasema ng'ombe hawa ni wa marehemu, aje mrithi. Nikasema mimi ndiye. Akasema wewe ndiye mrithi? Nikasema mimi ndiye marehemu!"

Hata Mwalimu Qamara alicheka. Aliinama chini ya meza, akasingizia kalamu.

"Nilikasirika. Nilitaka kuleta lalamiko hapa. Lazaro akaja. Akaleta kondoo, tukachinja mbele ya watu wote, mafuta tukapaka, wakasema huyu yupo hai. Lakini jina, watu walikuwa wameshaogopa. Kwa hiyo Lazaro akaniita Paker. Nikapata tena kitu cha kuitwa." Akanigeukia mimi, bila ubaya wowote. "Safari, nilikuwa nafikiri unajua. Kila siku unaniamkia, halafu unaandika kwenye daftari. Nikasema, huyu anaandika kwamba bado nipo."

Sikuwa na pa kutazama. Nilitazama gunia. Limeandikwa "ngano".

Mwalimu akamwuliza Lazaro kwa nini hakulileta jambo kwenye Baraza. Nilitumaini atasema kitu cha kijinga. Muda huu wote nilikuwa natumaini.

"Nimekosa, Mwalimu," akasema Lazaro. "Nilimwomba mzee asilalamike. Niliwaza Safari ndiye katibu, ndiye anayekata stensili, akivunjika moyo gazeti halitoki. Nikasema nilimalize kimya kimya. Nilitaka nimwambie mwenyewe baadaye." Akanigeukia. "Kweli kaka, nilitaka. Ila kila nikikukaribia, unafungua daftari."

Kwa hiyo tuelewane. Lile jina safi nililokuwa nalitembeza mjini, bila lalamiko hata moja, lile nililolinunulia sanduku la safari, lilisimama juu ya kondoo wa Lazaro. Kondoo wa Lazaro mwenyewe! Alimtoa kwenye kundi lake! Akatembea naye mpaka Sale! Na mimi siku hizo nilikuwa nikiandika daftarini: "L. hayupo kazini siku tano. Uvivu?"

Mzee akachukua fimbo yake, akatoka nje, akaenda kusimama dirishani pamoja na watu. "Kondoo niliyekula siwezi kumhukumu," akasema. "Nyinyi wawili amueni." Hakuna kanuni inayosema mjumbe afanye hivyo. Nilisahau kuiandika. Yeye asiyejua kusoma aliifanya tu.

Mwalimu na Mama Paulina wakanong'onezana kwa muda mrefu. Kisha Mwalimu akasimama.

"Lalamiko Namba Moja. Zawadi ilikuwepo, upendeleo haukuwepo. Hata hivyo Lazaro amekosa, amelificha kosa la gazeti nje ya Baraza, na mjumbe wetu alitakiwa atuambie habari ya kondoo siku alipokaribishwa. Lazaro atasoma kosa lake mnadani kesho. Lalamiko Namba Mbili, la mzee Koros dhidi ya Safari, limefika leo likiwa limechelewa miezi saba. Limethibitika. Safari naye atasoma kesho."

"Na kozi?" nikauliza. (Ndiyo. Niliuliza. Mdomo huu ni wa kwangu lakini haunisikii.)

Mama Paulina akajibu. "Mmoja ameambiwa kosa lake, amelikiri kabla hatujamaliza kuuliza. Mwingine bado anauliza habari ya kozi. Aende Lazaro."

"Na barua ya mapendekezo," Mwalimu akaongeza, "ipigwe na katibu, kama kawaida."

Niliipiga. Palepale, kwenye magunia, watu wakitazama. "Baraza linampendekeza kwa moyo mkunjufu ndugu Lazaro." Jina lake lina "a" mbili. Zote mbili ziliruka juu, zikacheza.

Halafu tukaambiwa tuandike masahihisho yetu pale pale, Baraza liyapitie. Mimi nilijaza kurasa mbili. Nilianza na "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa mwandishi, ikiwemo kelele ya injini". Mama Paulina akachukua kalamu, akakata ukurasa wa kwanza wote. Kisha akakata wa pili. "Amekufa au hajafa?" akaniuliza. "Hajafa, mama." "Basi anzia hapo."

Lazaro aliandika mistari mitatu huku ameiweka karatasi gotini. Mwalimu akaisoma: "Mwenzangu alikosea, nami nikafunika kosa lake kwa kondoo. Nilidhani namsaidia. Kumbe nilimnyima nafasi ya kulisahihisha mwenyewe."

Watu dirishani hawakucheka. Wengine walitikisa vichwa. Mtu mmoja akasema, "Hiyo nitaibandika." Na mimi, jamani, mimi niliyepigwa chini mara mbili katika saa moja, nilikaa pale nikitamani maneno yale yangekuwa yangu. Nilimwonea wivu mpaka kosa lake.

Tulipotoka alinifuata. Sikufungua daftari. "Kaka," akasema, "nikiwa Dar nitakuwa nakuletea karatasi za stensili. Huku zimeadimika." Nikamwambia asante. Nilijaribu kulisema bila kuuma meno, nadhani nilifaulu kwa silabi mbili za mwanzo. Kisha tukapita hotelini, akaitisha chai mbili za maziwa, na yangu ilikuja ya rangi.

Sasa ni saa kumi na moja, nakata stensili ya toleo la kesho. Kanuni ya saba haina huruma: mahali pale pale, ukubwa ule ule. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wote ni wangu, na kwa kuwa tanzia ilikuwa na mpaka mweusi pande nne, Mwalimu ameamua kwamba na habari ya kuwa mzee yu hai iwe na mpaka mweusi pande nne. Nimeshauchora. Ndani yake nimeandika: "Mzee Koros wa Sale yu hai. Ng'ombe wake wanakula." Imebaki nafasi kubwa sana nyeupe, na Mama Paulina amenikataza nisiijaze.

Kesho saa nne nitalisoma hili mnadani, juu ya lori, baina ya wauza mbuzi na wauza mitumba. Mnaokuja kununua ng'ombe, njooni baada ya saa sita. Na kama hamtaweza kujizuia mkaja mapema, basi sikilizeni: mzee ameomba asimame kando yangu, jina lake litajwe kwa nguvu, na kila mwenye shaka apande juu amguse. Nawasihi kwa urafiki wetu, anayetaka kugusa amguse mzee, mimi aniache kama nilivyo.

Wenu,
Safari